Wewe Ni Nani Wake?

Nilikuwa kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu, nilipopata habari kwamba mtu wangu amekufa. Aliyenipa habari ni mfanyakazi mmoja wa bandarini aliyekuwa akipita na baiskeli. Aliniona kupitia mlangoni, akashusha mguu mmoja chini, akasema kwa sauti ya mtu anayedhani neno limekwishafika: "Pole na msiba, bwana. Mtani wako tumemzika Jumanne, kwao Mpapura." Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Niliinuka na taulo shingoni, nikatoka nje, nikatembea hatua kama ishirini kwenda nisikokujua, mpaka kinyozi aliponifuata akanishika mkono na kunirudisha kitini. Tangu hapo sijatulia. Nimekaa kuandika makala hii mara nne na mara nne nimeinuka. Wiki hii nilikusudia kuwaandikia habari za magunia ya korosho yanayolowa mvua, na maelezo yake yote ninayo hapa mezani, lakini kila nikiyashika naona aibu.

Ninyi hamkumjua. Alikuwa kuli bandarini, Mmakonde mfupi mwenye mabega mapana na chale za kizamani usoni, na jina lake sitaliandika, kwa kuwa sijaandika jina la mtu hapa tangu nilipopewa nafasi hii, na kwa kuwa mimi mwenyewe sikulitumia. Nilimwita mtani. Yeye aliniita ntani, kama wasemavyo watu wa huku. Na ule utani wetu, nawaambia leo, ulikuwa uongo mtupu. Watani wa Wamakonde wanajulikana, ni Wayao na Wamakua na wengineo wa kusini, watu waliopigana zamani wakapatana. Mimi kwetu ni kando ya Ziwa. Babu zangu hawakuwahi kumwona Mmakonde, sembuse kupigana naye. Utani huo aliubuni yeye, asubuhi moja wodini, mbele ya sista aliyekuwa amekasirika.

Ilikuwa katika miaka ya sitini na kitu, nami ni karani kijana niliyeletwa Mtwara kwa barua ya uhamisho, bila mke, bila ndugu hata wa kusingizia. Siku moja nilipanda juu ya lori la korosho kutoka Mpapura, nikakaa juu ya magunia ingawa dereva alinikataza, na kwenye kona moja yenye mchanga nikaanguka nikavunjika paja. Hospitalini walinilaza chali, mguu ukaning'inizwa kwa kamba iliyofungwa vyuma vizito, nikaambiwa nitakaa hivyo wiki nyingi. Wenzangu wa ofisini walikuja Jumapili ya kwanza na machungwa. Walisimama miguuni pa kitanda, wakasoma karatasi ya joto iliyotundikwa pale kana kwamba ni waraka wa kazi, wakasema pole, wakaondoka. Jumapili ya pili walikuja wawili. Ya tatu hakuja mtu, nami sikuwalaumu, maana hata mimi nisingekuja.

Yeyote aliyelazwa katika hospitali zetu anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Daktari anatibu, sista anachoma sindano na kubadili vitambaa, na siku zile walikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima iliyojaa hadi sakafuni. Hayo mengine yote ni ya ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji, anayefua shuka, anayemgeuza mgonjwa asioze mgongo, anayekwenda kumwita sista maji ya mshipani yanapokwisha. Nyuma ya wodi palikuwa na banda la mabati ambamo wanawake walipika kutwa, mafiga yamejipanga ukutani, na moshi wake ulituingilia madirishani pamoja na harufu ya samaki na mchicha. Kila mgonjwa alijua moshi upi ni wake. Mimi wangu haukuwepo. Nilikula nilicholetewa na hospitali kilipoletwa, na haja niliizuia mpaka tumbo likauma, kwa kuona haya kumwita sista ambaye kwa umri angeweza kuwa dada yangu.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mtu mwenye homa ya uti wa mgongo, na anayemuuguza alikuwa mdogo wake, ndiye huyu kuli. Alitoka zamu bandarini akaja moja kwa moja, na vumbi la magunia bado liko masikioni. Hatukuzungumza sana. Kaka yake alipopona, alimbeba mgongoni mpaka nje, akampandisha gari la kwenda kwao, nikajua ndiyo basi, nitaletewa jirani mwingine. Kesho yake asubuhi nikamwona anaingia wodini na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani.

Sista akamzuia katikati ya njia. "Wewe ndugu yako si ametoka jana?"

"Ametoka, sista. Nashukuru."

"Sasa unakwenda wapi?"

Akanielekezea mimi kwa kidevu. "Kwa yule wa kamba."

"Wewe ni nani wake?"

"Ntani wake."

Sista naye alikuwa mtu wa kusini, hayo mambo aliyajua vizuri. Akaweka mikono kiunoni. "Tangu lini Wamakonde wakawa na utani na watu wa Ziwani?"

"Tangu jana," akasema, na akapita.

Wodi nzima ilicheka, hata aliyekuwa akilia kwa mkono uliokatwa. Mimi nilikasirika. Nilikuwa karani wa serikali, nina kalamu mbili, na sikutaka kuhurumiwa na kuli. Nikamwambia nashukuru lakini sihitaji kitu. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta. "Saa kumi," akasema, "mlango ukifunguliwa, wenzio wote wanageukia mlangoni. Wewe unageukia ukutani. Siku kumi na nane nakuona." Halafu akanipa kijiko. Nilikunywa uji ule huku machozi yananitiririka masikioni, maana nililala chali na hayakuwa na pengine pa kwenda.

Nikaja kuelewa baadaye kwa nini alichagua utani na wala si udugu au urafiki, maneno ambayo sista angeyakubali kwa urahisi zaidi. Ndugu ana haya. Rafiki ana mipaka. Mtani hana haya, wala huwezi kumkasirikia, wala huwezi kumkatalia. Siku ya kwanza aliyoniogesha nililishika shuka kwa mikono miwili. "Achia," akasema. "Nduguyo angefumba macho. Mimi ntani, natazama na kesho nakwenda kusimulia bandarini." Nikaachia. Na kwa kuwa mtani ana haki ya kutwaa mali ya mtani wake, alivivuta viatu vyangu vyeusi kutoka chini ya kitanda, akavivaa, vikampwaya, akatembea wodini kifua mbele na karatasi mkononi akiuliza kila mgonjwa kama amejaza fomu. Hivyo ndivyo nilivyoonekana, kumbe. Nilipotoka hospitalini nilimwachia viatu vile.

Wiki ya nne nilikataa kula kabisa. Uji wa mtama ulinitoka puani, ming'oko ya kwao, vile viazi wanavyochimba porini, niliitazama tu. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia, kwa ukorofi wa mgonjwa, kwamba nataka ndizi za kwetu. Kesho yake alikuja na mkungu mzima begani, ameutoa Mikindani kwa mtu ambaye sikuuliza alimpa nini, akaenda zake kwenye banda la wanawake, wakamcheka na kumpisha figa moja. Alirudi na sufuria. Alikuwa amezitia tui la nazi, sukari na iliki, akazichemsha mpaka zikawa gundi ya bahasha. Kwa mtu wa kwetu, ndizi ya chakula kutiwa sukari ni msiba. Nilionja nikacheka mpaka vyuma vya kamba vikagongana na sista akaja mbio. Nikazila zote. Siku ile nilijua nitapona, na nilijua ni nani anayeniponya.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo tunayachanganya makusudi, ili tujisikie vizuri. Kuna kumjulia hali mgonjwa na kuna kumuuguza mgonjwa. Kujulia hali unafanya umesimama. Unavaa vizuri, unanunua machungwa, unasema pole, unatazama saa. Kuuguza unafanya umekaa sakafuni, na ukiondoka nguo zako zinanuka. Sisi tuliosoma na kuhamishwahamishwa, wa Bukoba Mtwara na wa Mtwara Arusha, tumekuwa mabingwa wa kujulia hali. Tunadhani hayo mengine yamekwishachukuliwa na serikali, maana serikali imejenga, imeleta dawa, imesomesha wauguzi, na matibabu hatutozwi. Yote ni kweli na ni jambo la kushukuru. Lakini dawa inamezwa na maji, na maji yako kwenye mtungi, na mtungi uko mwisho wa wodi, na mgonjwa hawezi kuinuka.

Na sasa nifike pale ninapopakwepa tangu nilipoanza. Miaka miwili iliyopita, katika nafasi hii hii, niliandika kwamba hospitali si soko. Baadhi yenu mtakumbuka, maana mliniletea barua nyingi za pongezi. Nilisema moshi wa mabanda ni uchafu, mikeka ya ndugu inaleta wadudu, umati wa watu unawazuia wauguzi kufanya kazi, na taifa linalojenga hospitali za kisasa haliwezi kuendelea kupika nyuma ya wodi. Niliandika vizuri, nakiri. Haukupita muda mrefu, katika hospitali moja ya mkoani hapa, banda likavunjwa, lango likawekewa bawabu, na ikaamriwa kwamba nje ya saa za kutazama wagonjwa ataingia ndugu mmoja tu, mwenye kikaratasi. Sikujua kama ni kwa sababu ya makala yangu. Nilipenda kuamini kwamba ndiyo.

Yeye gazeti hakusoma, alisomewa bandarini. Jumapili jioni alikuja nyumbani kwangu Shangani na kikapu cha ming'oko, kama kawaida yake, akakaa kizingitini. "Ntani, nasikia umetufukuza." Nikamweleza habari za vijidudu, nikamweleza habari za utaratibu, nilizungumza peke yangu mpaka chai ikapoa. Alinisikiliza vizuri, halafu akauliza: "Na wale wasio na watu, umewaandikia nini?" Nikasema hao wana wauguzi. Alinitazama na sikuona mzaha wowote usoni mwake, ingawa alijitahidi kucheka. "Haya," akasema. Hatukugombana. Lakini baada ya hapo alikuja kwa nadra, nami nilikuwa na shughuli nyingi, na safari yangu ya kwenda kwake kila mara ilikuwa ya wiki ijayo.

Mwezi uliopita nikasikia amelazwa katika hospitali hiyo hiyo, ini au figo, aliyeniambia hakuwa na hakika. Nikanunua machungwa. Saa tano asubuhi nilifika langoni, kwa kuwa saa kumi nilikuwa na mkutano. Bawabu aliniomba kikaratasi, nikasema sina. Nikamtajia mgonjwa. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Wewe ni nani wake?"

Wasomaji, nilikuwa na jibu. Nilipewa wodini, likiwa tayari, kwa sauti ya kucheka. Lakini nilikuwa nimevaa suti ya kazi, nyuma yangu wamesimama watu wawili wanaonijua, na nilifikiri jinsi itakavyoonekana mtu mzima, mwandishi wa gazeti, aliyeandika vile alivyoandika, kusema kwamba yeye ni mtani wa kuli. Nikasema, "Namfahamu tu."

"Basi njoo saa kumi, mzee."

Nikamwachia machungwa ayafikishe. Sikuandika jina. Nilisema nitarudi kesho, na kesho ikaja na safari ya Newala, na siku ya tatu yake ikaja na wageni. Mimi si mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, kwa kuwa wengi wenu mko kama mimi. Nilikuwa na nia siku zote.

Jumapili nilikwenda Mpapura. Matanga yalikwishaanuliwa, mikeka imekunjwa, na mjane yuko ndani anakaa eda. Uani palibaki dada mkubwa wa marehemu, mama mtu mzima mwenye kanga mbili za msiba, anapanga masufuria ya kuazima yaliyotakiwa kurudishwa kwa wenyewe. Sikuwahi kumwona kabla. Nikamwamkia, nikampa pole. Akaitikia, akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe ni nani wake, baba?"

Nikasema, "Mtani wake."

"Ntani!" Akakaa juu ya kinu. "Watani walikuja Jumanne hiyo hiyo, baba. Wamelilia, wametukana, wamekula kuku wetu wote. Mmoja Myao kavaa viatu vyake vyeusi, vile vya ukarani, katembea katikati ya watu kifua mbele na karatasi, kama marehemu alivyozoea, anauliza kila mmoja kama amejaza fomu ya kulia. Watu wamecheka wakagaagaa. Ntani gani anakuja siku sufuria zinaondoka?"

Msibani kwake nilikuwapo kumbe, nilitembea uani nikachekwa, na mwenyewe sipo. Nikamwambia kwamba nilikwenda hospitalini. Nikamwambia habari za machungwa.

"Ah, yale," akasema. "Yalifika. Nilikuwa namuuguza mimi. Nikamwuliza bawabu nani kaleta, akasema mtu hakutaja jina, anamfahamu tu. Nduguyo, marehemu, akasema basi huyo mgeni, machungwa ya mgeni tuyagawe. Tuligawa wodi nzima."

Alisema bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonishinda. Nilivua koti, nikaketi chini, nikavuta sufuria kubwa kuliko zote, nikaanza kuisugua masizi kwa mchanga na majivu, maana kazi za namna hiyo msibani ni za mtani na sikuona nyingine iliyobaki. Nililia nikisugua, naye aliniacha nilie. Nilipofika ya tatu alikuja akaninyang'anya.

"Hizi zina wenyewe," akasema. "Kule wodini, kitanda cha pili kutoka chake, kuna mzee mmoja wa ng'ambo ya Ruvuma. Walikimbia vita, watoto wake hawajulikani walipo. Nduguyo alikuwa ananiambia kila siku, dada, uji ukizidi mpe yule, saa kumi anageukia ukutani. Mimi sasa nimerudi huku. Nenda huko ukasugue."

Leo Jumatatu saa tano asubuhi nilikuwa langoni na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani. Nilipika mwenyewe na una madonge. Bawabu alikuwa yule yule, akanikumbuka. Nikamtajia kitanda. "Yule mzee hana mtu," akasema. "Wewe ni nani wake?" Nyuma yangu walikuwapo watu, na nilihisi lile jibu la zamani linapanda kooni, maana mazoea hayafi kwa siku moja ya kulia. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mimi ni mtani wake. Akauliza tangu lini watu wa Ziwani wana utani na watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Nikamjibu, tangu jana. Hakucheka. Alinisimamisha mpaka uji ukaanza kupoa, kisha akafungua.

Niliyoandika miaka miwili iliyopita juu ya ndugu wa wagonjwa nayafuta, na banda likijengwa tena nitabeba mabati. Moshi tutautafutia dawa. Wewe uliye na mgonjwa unayekusudia kwenda kumwona wiki ijayo, inuka sasa, gazeti hili liache. Na ukifika langoni ukaulizwa wewe ni nani wake, usijibu nilivyojibu mimi. Kumfahamu mtu hakumnyweshi uji.